Siku hizi kila msanii ni indie, ndo maana neno lenyewe halina uzito tena

Kuna CD moja ninayo mpaka leo, naiweka kwenye droo ya vyeti. Cover yake ni karatasi ya fotokopi, nyeusi na nyeupe, imekunjwa ikaingizwa kwenye kimfuko cha nailoni, na juu ya CD yenyewe jina la msanii limeandikwa kwa maka peni, chini yake namba ya simu. Niliinunua 2012 hapa Dar kwa buku tano, mkononi kwa mwenyewe, rapa ambaye redioni ulikuwa unamsikia kwa bahati tu tena usiku wa manane, na wakati ananipa chenji yangu akaniambia nikishasikiliza nimpigie kwenye ile namba nimwambie wimbo wa nne nimeuelewaje. Nikampigia kweli. Tuliongea mpaka vocha ikakata.

Mwezi uliopita nimeukuta ule wimbo wa nne Spotify. Sauti imesafishwa, picha ya rangi, kila kitu kiko safi, alafu pembeni pale panapoonyesha wimbo umechezwa mara ngapi pameandikwa chini ya 1,000. Wimbo ambao nakumbuka tuliusikiliza watu sita kwenye chumba kimoja Magomeni, mmoja amekaa kwenye ndoo, kila verse ya pili ikifika kuna mtu anasema rudisha, rudisha hapo, mpaka CD ikaanza kukwaruza. Chini ya 1,000 dunia nzima, kwenye programu ambayo mtu wa Songea, wa Mombasa na wa Muscat wote wanaweza kuifungua muda huu huu.

Sasa hii kitu imenisumbua sana, kwasababu hoja tuliyokuwa tunaambiwa miaka yote ni kwamba andagraundi, yani wasanii wanaojitegemea nje ya redio na wasambazaji wakubwa, inashindwa kufika kwa watu sababu imefungiwa milango, redio zinataka hela, wasambazaji wanataka hela, kwahiyo mlango ukifunguka muziki wa hawa watu utaonekana. Mlango umefunguka. Tena umefunguka wazi kabisa, na muziki wa namna hii umepungua nguvu kuliko ulivyokuwa wakati mlango umefungwa. Naongelea nguvu ya kuongelewa, ya kubadilisha watu wanavyofikiri, ya kufanya kijana wa kidato cha nne aandike mistari ya mtu ukutani. Hela ni habari nyingine na nitaifikia.

Tuanze na neno lenyewe, indie, kifupi cha independent, yani huru, maana wengi wakilisikia wanafikiria vijana wa Uingereza wenye magitaa na nywele machoni. Mwanzoni halikuwa jina la mdundo, lilikuwa jina la namna bidhaa inavyomfikia mtu. Mwishoni mwa 1976 kundi la Buzzcocks la Manchester walikopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne, Januari 1977 wakatoa sahani za santuri 1,000 wenyewe bila lebo kubwa, wakaipa jina Spiral Scratch. Ziliisha, wakachapisha nyingine, zikafika maelfu. Kilichowashtua vijana wengine ni kwamba inawezekana. Kabla ya hapo, mapema 1976, Geoff Travis alikuwa ameshafungua duka la Rough Trade pale London magharibi, na lile duka likageuka kuwa msambazaji na baadae lebo, vijana wanakuja na sahani zao wanaziacha pale, wengine wanakuja kushinda tu wasikie kuna nini kipya. Ilipofika 1980 wakaanzisha chati ya indie na sharti lake lilikuwa moja, rekodi iwe imesambazwa nje ya mfumo wa makampuni makubwa. Basi. Hawakuangalia unapiga nini. Ndo maana hata Kylie Minogue aliingia kwenye ile chati miaka ya 1980 na nyimbo zake za disko, kwasababu lebo yake ilikuwa inasambaza nje ya wakubwa.

Ukilichukua hilo sharti ukalileta kwetu utaona na sisi tulikuwa na indie yetu, tofauti ni kwamba tuliiita andagraundi. Miaka ya mwishoni mwa 1990 na mwanzoni mwa 2000 kaseti za Bongo Fleva zilikuwa zinapita kwa wasambazaji wachache sana pale Kariakoo, wao ndo wana mashine, wao ndo wana mtandao wa mikoani, na msanii akishasaini anapewa chake mara moja anaondoka. Aliyekataliwa pale au aliyekataa mwenyewe alikuwa nje. Kenya nao walikuwa na hali yao, pale Dandora likatoka kundi la Kalamashaka alafu familia nzima ya Ukoo Flani Mau Mau, watu waliorap kwa Kiswahili na Sheng kuhusu njaa na polisi wakati redio inataka muziki wa kucheza. Hawakuwa na hela lakini Nairobi nzima ilijua Dandora inasema nini, na sisi huku Dar tulikuwa tunazipokea zile nyimbo kwa CD za kuchoma, zimeshachomwa mara ya tano, hujui hata jina la wimbo.

Alafu ikaja ile zama ninayoipenda mimi, 2010 mpaka kama 2015, ya kina Nikki Mbishi, One the Incredible, Nash MC, hawa marapa wa kundi la Tamaduni Muzik na waliokuwa karibu nao. Kaseti imekufa, CD inakufa, hakuna tena msambazaji wa maana, kwahiyo wakauza mkono kwa mkono. Yani unampigia, mnakutana stendi, unatoa hela unapewa CD. Sijui kama watu wanaelewa hiyo kitu ilivyokuwa na maana. Ile safari ya kwenda kuifuata ilikuwa sehemu ya kusikiliza. Umepanda daladala mbili kufuata albam huwezi kuisikiliza nusu ukaacha, utaisikiliza yote, utasoma ile karatasi mpaka shukrani, utajua biti ya wimbo wa sita kapiga nani, na ukikutana na mtu mwingine mwenye ile CD tayari mna undugu fulani, mtabishana saa nzima nani kamfunika mwenzake kwenye wimbo walioshirikiana.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, andagraundi haikuwahi kuwa na watu wengi. Ilikuwa na watu wanaojuana. Watu mia tatu wanaojuana, wanaobishana, wanaokutana kijiweni na kwenye shoo za kiingilio cha elfu tatu, wana kelele kuliko watu laki tatu ambao kila mmoja ana earphone zake. Streaming, yani kusikiliza mtandaoni bila kununua wimbo, imetuletea hao laki tatu, au tuseme imetuahidi, na ikawatawanya wale mia tatu.

Angalia inavyofanya kazi. Spotify iliingia Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi kwa mpigo Februari 2021, ikakuta Boomplay, programu nyingine ya muziki, iko tayari imejaa kwenye simu za Tecno na Infinix za watu, na YouTube ndo mfalme kabisa. Kuweka wimbo kote huko ni ada ndogo tu kwa kampuni za mtandaoni za usambazaji. Dogo wa Mbagala anarekodi chumbani asubuhi, jioni yuko kwenye rafu moja na Diamond. Hiyo ni haki kabisa na sitaki mtu anielewe vibaya, kuna mabinti wa mikoani wanaotoa muziki leo ambao enzi za kaseti wangeambiwa waende na kaka zao kwanza ndo wasikilizwe. Lakini kama kila mtu anasambaza kwa njia ile ile, lile sharti la 1980 limekufa. Tena zile kampuni za kusambaza za wasanii wadogo wakubwa wameshazinunua, Sony wanaimiliki The Orchard yote tangu 2015 na AWAL wakaichukua 2021, Warner wakanunua sehemu kubwa ya Africori 2022. Unajiita huru na bomba linalopitisha muziki wako ni la wale wale.

Na rafu yenyewe imejaa kupita kiasi. Mwaka 2023 kampuni ya Luminate inayohesabu mambo ya muziki ilisema kati ya nyimbo milioni 184 ilizokuwa inazifuatilia, zaidi ya milioni 45 hazikuchezwa hata mara moja. Sifuri. Sio mtu mmoja kwa bahati mbaya, sifuri. Kila siku inaongezeka mizigo ya makumi ya maelfu. Zamani kufika tu kwa msikilizaji ilikuwa ushahidi kwamba kuna mtu kakuamini, mwenye duka, mtangazaji wa usiku, mshkaji aliyekuchomea CD. Sasa hivi kufika ni karibu bure na hakusemi kitu.

Hapo ndo wanapoingia waliokuwa wanachagua. Huko Marekani kuna mtandao unaitwa Pitchfork ulianzishwa 1996 na kijana mmoja Ryan Schreiber, akiwa kwao tu, na kwa miaka kama kumi na tano ndo uliokuwa unapandisha bendi ndogo. 2004 waliwapa Arcade Fire, kundi la Montreal lililo chini ya lebo ndogo ya Merge, alama 9.7 kwa 10, na Februari 2011 hao hao na lebo hiyo hiyo wakachukua Grammy ya albam ya mwaka, watu mtandaoni wanaulizana hawa ni nani. Huo ndo ulikuwa uzito wa indie. Januari 2024 wenye Pitchfork, Condé Nast, wakaikunja wakaiingiza ndani ya jarida la wanaume la GQ na waandishi wake wengi wakapoteza kazi. Sikuwa nakubaliana nao mara nyingi, lakini kuwa na mtu wa kutokubaliana naye ni kitu. Huku kwetu blogu za muziki za 2010 zimegeuka kurasa za umbea, na vipindi vya hip hop vya usiku vilivyobaki vinahesabika, vingi ukivisikiliza nusu saa ni matangazo ya kubeti.

Badala yao tumepewa orodha za nyimbo, zile playlist. Orodha ya kufanyia mazoezi, orodha ya kuendeshea gari, orodha ya kulalia. Na hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo maana ndo panaponiuma. Muziki wa andagraundi uliandikwa kwa ajili ya mtu aliyenyamaza anasikiliza. Mistari ina mafumbo, ina vina vya mwanzo na kati, kuna mstari unauelewa baada ya miezi mitatu ukiwa kwenye foleni ya benki. Ukiuweka huo wimbo katikati ya nyimbo arobaini za kusindikiza mtu anayeosha vyombo, atauruka. Na akiuruka kabla ya sekunde thelathini hauhesabiki kama umechezwa, na mashine inayopendekeza nyimbo inajifunza kwamba huu wimbo watu hawautaki, inaupeleka chini zaidi. Msanii naye hana macho mabovu, anaona, wimbo unaofuata anaanza na kiitikio, anaondoa utangulizi, anaufupisha. Nimewasikia watu niliowaheshimu wakifanya hivo na siwalaumu, wana watoto wanasoma, ila ule wimbo ukiisha sina cha kumpigia simu kumuuliza.

Hela sasa. Wengi hawajui kwamba unapolipia Spotify mwezi hela yako haiendi moja kwa moja kwa unaowasikiliza. Inaingia kwenye chungu kimoja na za wengine, kinagawanywa kwa kuangalia nani kachezwa sana kwa ujumla. Ni kama mtaa mzima mnachangia kibubu kimoja cha kununulia chakula, wewe umekula kwa mama ntilie wa kona siku zote thelathini, mwisho wa mwezi hela yako kubwa inaenda kwa hoteli kubwa ya barabarani kwasababu watu wengi walikula huko. Mimi nikisikiliza Nash MC tu mwezi mzima, sehemu kubwa ya ninacholipa inaenda kwa watu ambao hata sauti zao sizijui. SoundCloud, programu nyingine ya muziki, walijaribu mwaka 2021 kuleta utaratibu ambao hela ya msikilizaji inamfuata anayemsikiliza, kwa hiyo sio kitu kisichowezekana, wakubwa tu hawana sababu ya kukitaka. Na tangu mwanzoni mwa 2024 Spotify wakaweka kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa, mgao wake unaenda kwa waliovuka. Hata ukivuka, kwa makadirio yanayotumika sana mara 1,000 ni dola tatu mpaka nne, na wasikilizaji wa kwetu huku wengi wanasikiliza bure kwa hiyo inashuka zaidi. Haizidi bei ya CD mbili za buku tano. Yule rapa wa ile CD yangu aliniambia kipindi kile aliuza CD kama mia tatu. Piga hesabu, milioni moja na nusu, mkononi, na mia tatu hao anawajua kwa sura.

Namba yake bado inapatikana, nilimpigia baada ya kukuta ule wimbo. Siku hizi ana biashara ya vifaa vya ujenzi, anarekodi bado, mara moja kwa miezi mitatu hivi. Nilidhani ataongelea malipo. Akaniambia malipo hata enzi zile hayakuwa malipo, kinachomkatisha tamaa ni kwamba anatoa wimbo na hakuna anayempigia kumwambia amekosea. Akasema, "Zamani nilikuwa natukanwa, sasa hivi naekewa moto." Alimaanisha zile emoji za moto kwenye komenti.

Kuna atakayesema huu ni uzee unaongea, kila kizazi kinalilia cha kwake. Inawezekana ningekubali kama kusingekuwa na singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Singeli imekua ndani ya miaka hii hii ya simu na bando, tena mwanzoni haikuwa na lebo wala redio, ilidharauliwa kuliko hip hop yetu ilivyowahi kudharauliwa. Lakini haikuzaliwa kwenye programu. Ilizaliwa kwenye vigodoro, Manzese, Tandale, Mburahati, spika zimepangwa uchochoroni, MC na maiki, anataja majina ya watu waliopo pale, mdundo unakimbia mpaka kifua kinauma, na wimbo ukiwa mbovu unajua hapo hapo maana wanasimama. Nyimbo zilisambaa kwenye memori kadi na kwa bodaboda. Studio ya Sisso ya Mburahati ilikuwa inapika hizo biti kila siku, na 2017 lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikazikusanya ikatoa Sounds of Sisso, baada ya hapo vijana kama MCZO na Duke wakawa wanapanda ndege kwenda kupiga Ulaya. Hiyo ni indie kwa maana ile ile ya duka la Rough Trade. Walikuwa na uchochoro kwanza, kusambaa kukafuata.

Linganisha na gengetone ya Kenya. Kundi la Ethic walilipuka 2018, Sailors 2019, vijana wa mtaani wanajirekodi wanaweka YouTube, hakuna lebo, nchi nzima inaimba. Nilifurahi sana, nikasema hii ndo yenyewe. Lakini nguvu yote ilikuwa kwenye namba za YouTube, na ikaja korona 2020 shoo zikafungwa, na namba zilivyohamia kwa kitu kingine hakukuwa na pa kurudi wakajipange. Makundi yakaanza kuparaganyika. Vipaji vilikuwepo, na wengine bado wanafanya vizuri mmoja mmoja, ila ule moto wa pamoja haukumaliza hata miaka mitatu.

Kwahiyo mimi nikiona semina ya kuwafundisha wasanii wadogo jinsi ya kuingia kwenye orodha na jinsi ya kukata vipande vya sekunde kumi na tano, nasikitika, kwasababu tunawafundisha kutafuta wasikilizaji wasiojuana. Nionavyo mimi hela hiyo hiyo ya kubusti posti ingelipia ukumbi mdogo mara moja kwa mwezi, watu themanini, mlangoni elfu tano. Na sisi mashabiki tuna la kufanya pia, kulike haitoshi, ukiupenda wimbo mwambie mwenye nao mstari gani, na ukiuona mbovu mwambie kwanini.

Yule jamaa aliponimalizia maongezi aliniambia ana nyimbo saba mpya hajaziweka popote, anauza WhatsApp, unatuma buku tano kwenye simu anakurushia faili. Nikatuma. Jumamosi iliyofuata nikawaita watatu, na mimi tukawa wanne wa wale sita wa Magomeni, mmoja kahamia Mwanza na mwingine hatuko nae tena duniani. Spika moja ya bluetooth, simu juu ya meza. Wimbo wa tatu verse ya pili kuna mstari umetaja bandari na mama mzazi kwa pamoja, mmoja akasema huyu anaongelea marehemu, mwingine akasema hapana hiyo ni siasa, na kabla sijasema langu yule aliyekuwa anakaa kwenye ndoo akanyoosha mkono kwenye simu, rudisha hapo kwanza.